Kitabu cha Pili Hakina Mabawa

JICHO LA IVETI
Na Mutheu Kilonzo

Mwaka 1982, katika kitabu cha watoto, Ngũgĩ wa Thiong'o alilipa basi mabawa. Darasa zima lilipanda likienda ziara, basi likapaa, likawaacha watoto porini mbali na kwao, na hapo ndipo ilipobainika nani alikuwa amesoma kweli. John Bull, mwana wa tajiri, hakujua la kufanya. Aliyewaonyesha wenzake njia ya kurudi ni Njamba Nene, mtoto wa maskini aliyezoea kuchekwa, kwa sababu mamake, Wacu, alikuwa amemfundisha kuijua nchi yake.

Kitabu hicho, kilichotoka kwanza kwa Kikuyu, hakihitaji mtetezi. Msimulie mtoto yeyote wa Mua au Masii kwamba basi limeota mabawa, naye hatakuruhusu ulale kabla hujamaliza. Wiki hii nataka kukitetea kile kilichofuata. Kitabu cha pili katika vitatu ndicho ambacho watu wazima hukiruka, shule husahau kukinunua, na wachapishaji wetu ni kama hawaamini tena kwamba kuna mtoto anayekingoja.

Bathitoora ya Njamba Nene kilitoka mwaka 1984, na tafsiri ya Kiingereza ya Wangũi wa Goro ikafuata mwaka 1986. Ukikifungua ukilitafuta basi, hulipati. Hakuna kinachopaa. Tuko katika miaka ya Hali ya Hatari, ile aliyoitangaza Gavana Evelyn Baring Oktoba 1952, miaka ya misako na ya watu kupangwa foleni wakitambuliwa na wasaliti. Njamba Nene amekabidhiwa mkate aufikishe kwa wapiganaji wa Mau Mau. Ndani ya mkate mna bastola.

Nimewahi kusikia walimu wakilalamika kwamba hapa ndipo mwandishi alipoiacha hadithi akashika siasa. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika kitabu cha kwanza ajabu ilikuwa angani na iliwafikia watoto wote bila wao kuchagua. Walikuwa wameketi vitini, wakachukuliwa. Katika cha pili ajabu imeshuka chini, imejificha ndani ya chakula cha kila siku, na imewekwa mikononi mwa mtoto mmoja. Basi lilimbeba Njamba Nene. Mkate, yeye ndiye anayeubeba. Na mtoto aliyewahi kutumwa dukani jioni, tumbo likiunguruma, anaujua uzito wa mkate usio wake kuliko mhakiki yeyote. Hahitaji kuelezwa kwamba mwenye kupewa kitu kama hicho ameaminiwa, wala kwamba kuaminiwa kunatisha.

Kitabu cha tatu, cha mwaka 1986, kinampeleka kijana huyo mbele ya chifu katili, na huko hesabu zinafungwa. Lakini bila ule mkate, ushindi wa mwisho ungekuwa wa mtoto aliyebahatika kupanda basi zuri.

Kuna jambo lingine linalonifanya nikishike kitabu hiki kwa heshima. Ngũgĩ aliondoka Kenya mwaka 1982 kwenda London kwa uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, akapata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakurudi wakati huo. Alikuwa tayari ameonja kizuizi cha Kamiti, alikoingizwa mwisho wa mwaka 1977 kwa sababu ya mchezo wa kuigiza wa wanakijiji wa Kamĩrĩthũ. Kwa hiyo kitabu cha pili cha Njamba Nene kiliwafikia watoto wa Kenya wakati mtungaji wake hakuweza kuwafikia. Alipofariki Mei 28, 2025 huko Georgia, Marekani, akiwa na umri wa miaka 87, niliisoma rambirambi moja baada ya nyingine, na sikuona wengi waliowakumbuka watoto aliowaandikia. Iliniuma. Mtu anayeandika riwaya kwenye karatasi ya choo gerezani anastaajabisha dunia; mtu yule yule akimpa mtoto wa miaka 10 shujaa wa rika lake, tunaona ni kazi ndogo ya pembeni.

Waandishi wakubwa wa hadithi za ajabu kwa vijana wameijua siri hii ya katikati. Mmarekani Ursula K. Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea mwaka 1968, kisa cha Ged, mvulana wa visiwani mwenye ngozi ya hudhurungi, anayejifunza uchawi na kuzunguka bahari akiliandama joka na kuandamwa na kivuli. Msomaji aliyempenda Ged alikifungua kitabu cha pili, The Tombs of Atuan cha mwaka 1971, asimwone. Kurasa nyingi zinapita. Badala yake yupo Tenar, msichana aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo, akanyang'anywa jina lake, akafanywa kuhani wa miungu isiyo na majina, ndani ya njia za chini ya ardhi ambamo ni mwiko kuingia na taa. Ged anapotokea hatimaye ni mwizi na mateka. Ana kiu, anakaribia kufa, na uhai wake uko kwa msichana huyo ambaye kazi yake ni kumuua. Bahari nzima ya kitabu cha kwanza imebanwa ikawa shimo moja lenye giza na watu wawili.

Ninawafahamu wasomaji wanaomlaumu Le Guin kwa kuwaficha Ged. Mimi naona aliwapa kitu ambacho kitabu cha kwanza hakiwezi kukitoa. Ukishampenda shujaa kwa kitabu kizima, halafu ukalazimishwa kumtazama kwa macho ya mtu anayemwogopa, unajifunza kwamba upande wa pili wa kila hadithi yupo mtu mwenye jina. Somo hilo haliwezi kutangulia, kwa kuwa hujapenda bado. Na haliwezi kungoja mwisho, kwa kuwa mwisho una shughuli zake.

Karibu nasi zaidi yuko Nnedi Okorafor, Mmarekani wa wazazi Wanaijeria. Vitabu vyake vitatu juu ya msichana Sunny vilitoka 2011, 2017 na 2022, na kile cha katikati, Akata Warrior, ndicho kilichopata tuzo ya Lodestar mwaka 2018, mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Wasomaji walikingoja miaka sita. Katika kitabu cha kwanza Sunny anagundua kwamba ana uwezo, anapata marafiki watatu wa kusimama naye, na pamoja wanamshinda mwovu. Katika cha pili kaka yake anaumizwa na genge la chuo kikuu, naye Sunny, kwa uchungu wa damu yake, anautumia uwezo ule kulipiza kisasi kinyume cha sheria za watu wake. Watu wake hawamwachilii. Wanamwadhibu, na adhabu yenyewe si ya mchezo. Kila mzazi wa Machakos mwenye mwana chuoni ataielewa hasira ya Sunny kabla ya kuelewa lolote kuhusu uchawi wa Waigbo. Kitabu cha kwanza kilimpa msichana nguvu. Hiki kinamwuliza atazifanyia nini siku ambayo moyo umechafuka na hakuna mtu mzima karibu.

Najua kuna msomaji atakayenijibu kwamba mfululizo wa vitabu vitatu ni desturi ya wageni, na kwamba hadithi zetu huanza na kuisha usiku ule ule. Ni kweli kwa kiasi fulani. John Mbiti, mwana wa Kitui, alipochapisha Akamba Stories mwaka 1966, alitukusanyia ngano ambazo nyingi zinamalizika kabla ya jiko kupoa: eimu anakuja, eimu anadanganywa, eimu anakufa. Nazipenda. Lakini si hizo tu tulizo nazo katika nchi hii.

Mchukue Fumo Liyongo, kama alivyomwandika Muhammad Kijumwa wa Lamu katika utenzi wa mwaka 1913. Hakuna aliyeugawa utenzi huo katika majalada, ila mwendo wake ni wa sehemu tatu. Kwanza tunamwona jitu la pwani, mpiga upinde na mshairi, anayemtia hofu mfalme wa Pate. Mwisho tunamwona akiuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya kitovuni. Na katikati? Katikati Liyongo yuko gerezani, na nguvu zake zote hazimfai kitu. Linalomwokoa ni ujumbe wa fumbo alioutuma kwa mamake kupitia kijakazi Saada, na mkate wa wishwa ambao walinzi wameudharau wakauacha umfikie mfungwa. Mama ameficha tupa ndani yake. Nje ngoma inapigwa na watu wanaimba, kelele zinafunika sauti ya chuma kikikatwa.

Mkate tena, na chuma ndani yake. Sidai kwamba Ngũgĩ alikopa kwa Kijumwa. Ninachoona ni kwamba watunzi wawili wa nchi moja, mmoja wa Lamu na mmoja wa Limuru, walipofika katikati ya kisa cha shujaa, wote waliziweka kando ajabu za misuli na mabawa wakageukia jikoni. Liyongo wa sehemu ya kwanza anastaajabisha. Liyongo wa gerezani, anayemtegemea mama na kijakazi, ndiye ninayemkumbuka usiku.

Sasa tuje mjini kwetu. Januari ikifika, maduka ya vitabu ya Machakos hujaa vitabu vya kiada hadi mlangoni, na wazazi hupanga foleni na orodha za shule mikononi. Vitabu vya hadithi hukaa rafu ya chini, vyembamba, kila kimoja peke yake. Ukiuliza kitabu cha pili cha mfululizo wowote utaambiwa kiagizwe Nairobi, na ukikiagiza utapigiwa simu kwamba kimekosekana. Shuleni hali haipishani sana. Vitabu vingi vya hadithi katika shule za vijijini hufika kama msaada, ndani ya katoni, na katoni haijui mpangilio. Nimekuta shule yenye nakala nne za kitabu cha kwanza, moja ya cha tatu, na hakuna hata moja ya kile cha kati. Msichana mmoja pale alikuwa amekisoma cha kwanza, akangoja, kisha akakisoma cha tatu. Alinieleza vizuri sana jinsi hadithi ilivyoisha. Nilipomwuliza kwa nini shujaa alimsamehe aliyemsaliti, alitikisa kichwa. Hakujua kwamba kuna siku alisalitiwa.

Sababu hazijafichika. Wachapishaji wetu wanaishi kwa soko la shule, na soko la shule linaishi kwa idhini ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Mwalimu akipata fedha ya kununua hadithi hununua kitabu kimoja kwa darasa zima, kinachoanza na kuisha chenyewe. Mchapishaji anayeahidi vitabu vitatu anabeba hasara ya vitatu iwapo cha kwanza hakitauzika. Juu ya hayo, Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16, na familia inayotaka mfululizo huilipa kodi hiyo mara tatu kwa hadithi moja. Nimelisema hili katika safu hii kabla na nitalisema tena: kumtoza kodi mtoto kwa kusoma ni aibu ya taifa zima, na wabunge wetu wa Ukambani wanapaswa kulisimamia bila kungoja kuombwa.

Mtihani nao una sehemu yake. Tumewazoesha watoto kukisoma kitabu cha fasihi kama kitu cha kujibiwa: eleza muktadha wa dondoo hili, jadili ufaafu wa anwani. Kitabu kinachofunguka katikati ya safari na kufungwa kabla safari haijaisha hakifai maswali hayo. Kinamwacha msomaji na wasiwasi. Philip Pullman alipomaliza The Subtle Knife mwaka 1997, kitabu chake cha pili, alimwacha mvulana Will amepoteza baba, vidole viwili na rafiki, na wasomaji wakangoja hadi mwaka 2000. Vijana waliovumilia miaka hiyo mitatu walikuwa wakifanya kazi ambayo hakuna mtihani unaoipima. Walikuwa wakiishi na jambo lisilo na jibu, wakilirudia kichwani, wakibishana juu yake njiani. Watoto wetu wanaishi na mambo yasiyo na jibu kila siku, mvua ya Novemba ikiwemo. Ni haki yao kupata vitabu vinavyowasindikiza humo.

Wa kwanza kuguswa na ombi langu ni serikali ya kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na makavazi na viwanja vya michezo. Viwanja tunaviona vikizinduliwa. Naomba fungu la vitabu vya vijana lenye kanuni moja ndogo: mfululizo ununuliwe wote au usinunuliwe, na nakala za kitabu cha pili zilingane na za cha kwanza. Hiyo haihitaji sheria mpya. Inahitaji ofisa wa ununuzi anayesoma jalada la nyuma kabla ya kutia saini.

Ombi gumu zaidi nawatupia waandishi. Ubunifu tunao. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alituonyesha mwaka 2021, katika The House of Rust, msichana anayevuka bahari kwa mashua ya mifupa kumtafuta babake mvuvi, na paka anayesema akiwa mwenzake. Dunia ilimshangilia. Kwa Kiswahili, tangu Shaaban Robert alipotupa majini ya Adili na Nduguze mwaka 1952, hadithi za ajabu za vijana hatujazikosa, lakini mfululizo mrefu unaokua pamoja na msomaji wake, kutoka miaka 11 hadi 15, ndio pengo kubwa. Wahenga hawakutuzuia kuliziba.

Hapa Machakos kitabu cha kwanza kinajiandika chenyewe. Pale Kituluni tunayo Kyamwilu, ambapo gari lililozimwa injini huonekana kupanda mlima na maji yaliyomwagwa barabarani huonekana kutiririka kwenda juu. Wanasayansi husema ni macho yanayodanganywa na mkao wa vilima. Wazee husimulia habari za watu walioitwa Kyalo na Mwilu. Mwandishi yeyote mwenye kalamu atamsimamisha mtoto pale na kumfungulia mlango wa dunia nyingine. Nitakinunua kitabu hicho siku kitakapotoka.

Lakini nawaza cha pili, na nikiwaza nauona mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba mifugo imezidi na ardhi ya Ukambani inaharibika, ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, mwaka ule ule kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwahitaji kule Athi River. Maelfu ya Wakamba, wanawake na watoto wakiwemo, walitembea zaidi ya kilomita 60 hadi Nairobi wakapiga kambi, wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu. Uuzaji wa nguvu ulisitishwa baadaye. Tunalisoma jina lake kwenye barabara ya Nairobi tukiwa na haraka ya kufika kwingine, na tunapowasimulia watoto tunaruka kutoka maandamano hadi ushindi, kana kwamba kati ya hayo mawili watu walikuwa wamelala.

Kati ya hayo mawili kulikuwa na boma tupu. Kulikuwa na mtoto aliyerudi kutoka Nairobi na miguu iliyovimba, akakuta ng'ombe aliyempa jina hayupo, na mtu aliyeahidi kumrudisha amefungiwa kisiwani, na mtoto mwenyewe hajawahi hata kuisikia bahari. Mtoto huyo wa kitabu cha pili angekwenda Kyamwilu, mahali palipomfungulia mlango katika kitabu cha kwanza, akamwage maji na kungoja yapande, na safari hii yasipande. Angelazimika kutafuta njia nyingine ya kufikisha neno Lamu. Angehitaji mtu wa kumwandikia barua, kisha Kiswahili cha kuisema mwenyewe, kisha msafiri wa reli asiyeogopa askari, kisha kitu cha kuifichia barua hiyo.

Anayeweza kuandika kurasa 200 za kutafuta huko anaishi kati yetu, huenda anafundisha Kangundo au Mwala na ana daftari alilomficha hata mumewe. Akimaliza, namsihi asishawishiwe kuifikisha barua ndani ya kitabu hicho hicho ili mhariri aridhike. Naye mchapishaji atakayempokea aandike mkataba wa vitabu vitatu tangu siku ya kwanza, na tarehe ya cha pili iwe ndani ya mkataba.